Ninunue iliyopo au ningoje inayosemwa? Prosesa na kadi za grafiki, 2026

Swali ninaloulizwa kuliko yote lina sura nyingi. Mmoja anasema, "Kaka, nichukue hii 5070 au ningoje Super?" Anamaanisha kadi ya grafiki ya Nvidia, RTX 5070, na toleo lake lililoboreshwa linalosemwa. Mwingine anakuja na simu mkononi, amefungua picha ya jedwali lililovuja: "Fundi, eti Zen 6 ina viini kumi na viwili kwa chipu moja. Nikinunua leo si nitakuwa nimetupa hela?" Huyu anasema kizazi kijacho cha prosesa za AMD, na viini ni zile sehemu za prosesa zinazofanya hesabu. Ni swali la haki kabisa. Wengi wanaonijia hununua kompyuta ya kazi mara moja kwa miaka mitano au sita, na fedha yenyewe wameikusanya kidogo kidogo. Kumjibu mtu wa namna hiyo "inategemea" na kumwacha hapo ni kumtupa.

Kwa hiyo nitaweka ubavuni kwa ubavuni kilichopo dukani na kile ambacho tetesi zinasema kiko njiani, kisha niseme mimi ningechukua kipi. Lakini kwanza tuzipime tetesi zenyewe. Hapo ndipo watu wengi hukosea: huzibeba zote kwa uzito mmoja.

Tetesi za miaka iliyopita zilitimia wapi

| Kifaa | Tetesi zilisema | Kilichotoka |
|---|---|---|
| RTX 4090 ya Nvidia (2022) | Wati 600 au zaidi | Wati 450 |
| RX 7900 XTX ya AMD (2022) | Chipu kuu mbili kwenye kadi moja | Chipu kuu moja |
| Zen 5 (2024) | Kiini kimoja kuizidi Zen 4 kwa zaidi ya asilimia 40 | AMD walitangaza wastani wa asilimia 16 |
| RX 9000 (2025) | AMD hawatatoa kadi ya daraja la juu kabisa | Hawakutoa |
| RTX 5080 (2025) | Viini 10,752, GB 16, wati 400 | Viini 10,752, GB 16, wati 360 |
| RTX 5090 (2025) | Viini 21,760, GB 32, wati 600 | Viini 21,760, GB 32, wati 575 |

Angalia safu mbili za mwisho. Mvujishaji anayejiita kopite7kimi alitoa namba hizo Septemba 2024, zaidi ya miezi mitatu kabla Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, hajapanda jukwaani Las Vegas tarehe 6 Januari 2025. Viini alivipata kimoja kimoja. Kumbukumbu aliipata. Umeme ulimpita kidogo. Hiyo si bahati, ina sababu yake kiwandani. Idadi ya viini na upana wa njia ya kumbukumbu huchongwa ndani ya chipu yenyewe, na chipu huanza kuzalishwa miezi mingi kabla ya uzinduzi. Wanaotengeneza mbao za kadi, mafeni na maboksi lazima waambiwe mapema, na siri iliyoshikwa na watu mia haikai. Wati, kwa upande mwingine, ni namba inayoandikwa kwenye programu ya kadi, na kampuni inaweza kuibadilisha hata zikiwa zimebaki wiki chache.

Kasi ndiyo tetesi mbaya kuliko zote. Mtu hupata kipimo kimoja kizuri, labda cha hesabu za aina fulani tu, akakitangaza kana kwamba ndivyo kila kitu kitakavyokuwa. Waliongoja Zen 5 kwa ajili ya ile asilimia 40 walikuta kwenye magemu tofauti yake na Zen 4 ni ndogo mno. Na bei? Bei huamuliwa dakika za mwisho, mara nyingine baada ya kuona mshindani amesema nini. Sijawahi kumshauri mtu apange bajeti kwa bei iliyovuja, na sitaanza leo.

Kuna ushahidi mwingine ambao mimi nauheshimu zaidi kuliko maneno ya wavujishaji: karatasi za forodha zinazoonyesha vifaa vya majaribio vikisafirishwa, na vipande vya msimbo wa programu ambavyo kampuni zenyewe hupeleka kwenye programu huria. AMD walipeleka maelezo ya Zen 5 kwenye GCC, programu huria ya kutafsiri msimbo, Februari 2024, na prosesa zenyewe, Ryzen 9000, zikaingia sokoni Agosti mwaka huo huo. Huo si uvumi tena, ni hatua za mtu anayekuja ukizisikia nje ya mlango.

Hata tamko rasmi linaweza kugeuka. Septemba 2022 Nvidia walitangaza RTX 4080 ya aina mbili, ya GB 16 na ya GB 12. Ile ya GB 12 ilikuwa na chipu ndogo kabisa kuliko ndugu yake, watu wakapiga kelele, na kabla haijafika dukani ikafutwa. Januari 2023 ikarudi kwa jina la RTX 4070 Ti, bei ikiwa imeshuka kwa dola 100. Na pale Januari 2025 Huang aliposema RTX 5070 ya dola 549 inatoa uwezo wa RTX 4090, maneno yale yalisimama juu ya fremu zinazobuniwa na akili mnemba, si juu ya nguvu ya kadi yenyewe. Ukiondoa fremu hizo, 4090 inaiacha mbali.

Aina moja ya tetesi ningekuomba uisikilize kwa makini kuliko zote: tetesi za kasoro. Wacheza gemu walilalamika kwa miezi kwamba Core i9-13900K na 14900K zinakwama na kuzima programu bila sababu. Wengi walidhani ni magemu mabovu au RAM mbovu. Katikati ya 2024 Intel walikiri kwamba prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volti kubwa kupita kiasi, Agosti wakatoa sasisho la 0x129, na wakaongeza waranti kwa miaka miwili. Prosesa iliyokwisha kudhurika, sasisho haliiponyi. Aliyesikiliza manung'uniko yale mapema alijiokoa.

Prosesa: hapa tetesi zinavuta pande mbili tofauti

Upande wa AMD, kilichopo ni soketi (nafasi ya kuchomekea prosesa kwenye mazabodi) ya AM5, iliyozaliwa Septemba 2022 pamoja na Ryzen 7000. Juu yake unapata Ryzen 5 7600, yenye viini 6 na ulaji wa wati 65, na feni yake iko ndani ya boksi. Unapata Ryzen 5 9600X. Unapata Ryzen 7 9800X3D, iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 479, ambayo kwa magemu iliwaacha wote nyuma kwa sababu ya kashe, ile kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Yake ya L3 ni MB 96, mara tatu ya 9700X.

Kinachosemwa ni Zen 6. Jina si uvumi: Aprili 2025 AMD walitangaza kwamba chipu yao ya seva iitwayo Venice, ya Zen 6, inatengenezwa kwenye kiwanda cha TSMC kwa teknolojia ya nanomita 2. Uvumi uko kwenye zile za mezani. Tetesi zinasema kila chipu ndogo itabeba viini 12 badala ya 8, na kwamba zitaingia kwenye soketi ile ile ya AM5.

Pima hizo mbili. Idadi ya viini ni ile aina ya tetesi ambayo huwa inatimia. Na soketi ina ushahidi wa nje: AMD wenyewe wameahidi kuihudumia AM5 hadi 2027 na kuendelea, na rekodi yao kwenye AM4, soketi iliyotangulia, ni nzuri. Ryzen ya kwanza ilitoka Machi 2017 kwenye AM4, na Januari 2024 bado walikuwa wanatoa 5700X3D kwa soketi hiyo hiyo. Ndiyo, 2020 walijaribu kuzinyima mazabodi za mfululizo wa 400 prosesa za Zen 3, lakini wateja walipokasirika wakarudi nyuma ndani ya wiki chache.

Sasa fikiri tetesi hii inakuambia nini hasa. Watu huisoma kama sababu ya kungoja. Mimi naisoma kinyume chake. Kama Zen 6 itaingia AM5, basi mazabodi na RAM utakazonunua leo ndizo zitakazoipokea. Chukua mazabodi nzuri ya AM5, aina ya B650 au B850, weka 7600 ya bei ndogo, fanya kazi. Zen 6 ikija na ikaonekana inakufaa, unatoa prosesa, unaweka nyingine, unauza ya zamani. Na ikija dhaifu, hujapoteza miezi. Kwa mtu wa AM5, tetesi njema ni ruhusa ya kununua.

Upande wa Intel hali ni nyingine. Kilichopo ni Core Ultra 200S kwenye soketi ya LGA1851, iliyoingia Oktoba 2024. Kwa magemu haikufurahisha, mara nyingine ilishindwa hata na kizazi cha 14 cha Intel wenyewe, lakini kwa kazi za viini vingi iko vizuri, haili umeme kama kaka zake, na Core Ultra 7 265K ilishushwa bei sana wakati wa 2025. Kinachokuja ni Nova Lake, ambayo Intel wenyewe wamesema ni ya mwishoni mwa 2026. Tetesi zinaongeza viini hadi 52, yaani 16 vikubwa, 32 vidogo na 4 vya kuhifadhi umeme, aina yenye kashe kubwa ya kujibu zile X3D za AMD, na soketi mpya ya LGA1954. Hilo la soketi limeonekana kwenye karatasi za usafirishaji wa vifaa vya majaribio, kwa hiyo nalichukulia kwa uzito.

Maana yake: mazabodi ya LGA1851 unayonunua leo inaelekea kuwa mwisho wa njia. Utakachoiwekea siku ya kwanza ndicho utakachozeeka nacho. Je, hilo ni baya? Jibu liko kwenye swali moja ambalo namwuliza kila mtu: katika maisha yako umewahi kubadilisha prosesa peke yake, bila kubadilisha mazabodi? Wengi wanasema hapana. Kama nawe ni hapana, hoja ya soketi haikuhusu sana, na 265K kwa bei iliyoshuka ni chuma kizuri cha kuhariri video. Kama ni ndiyo, nenda AM5 bila kusitasita.

Kungoja Nova Lake yenyewe, kwa mtu aliye hapa, sikushauri. "Mwishoni mwa 2026" ya uzinduzi si mwishoni mwa 2026 ya Kariakoo. Zile za kwanza kufika huletwa na watu wachache, wengi wakipitia Dubai, na huuzwa kwa bei ya pupa. Mazabodi za bei ya kati kwa kawaida hutoka miezi baadaye. Ongeza VAT, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, juu ya bei ambayo bado hakuna anayeijua.

Aliye na AM4 tayari ana njia yake, tena fupi. Kama mazabodi yako ni nzima na una RAM ya DDR4, Ryzen 5 5600 au Ryzen 7 5700X itakusogeza miaka mingine bila kugusa kitu kingine. Usimsikilize anayekwambia ubomoe nyumba nzima.

Kadi za grafiki: namba za Super zinaaminika, tarehe haiaminiki

Bei za uzinduzi za Nvidia ni hizi: RTX 5070 yenye GB 12 kwa dola 549, RTX 5070 Ti yenye GB 16 kwa dola 749, RTX 5080 yenye GB 16 kwa dola 999. Tetesi za Super zinasema 5070 Super itakuwa na GB 18, 5070 Ti Super GB 24, na 5080 Super GB 24.

Unaweza kuzipima namba hizo mwenyewe kwa kalamu. Kila moduli ya GDDR7 hutumia biti 32 za njia ya kumbukumbu. RTX 5070 ina njia ya biti 192, yaani moduli 6, na kila moduli ina GB 2: jumla 12. RTX 5080 ina biti 256, moduli 8, jumla 16. Moduli za GB 3 sasa zipo na zinatumika, zimewekwa kwenye RTX 5090 ya laptop na kwenye RTX PRO 6000 ya GB 96. Badilisha 2 kwa 3, unapata 18 na 24. Chipu haihitaji kuchorwa upya. Ndiyo maana naziamini namba hizo.

Tarehe ni jambo jingine. Kihistoria Super si lazima. Zilikuja Julai 2019 kwa mfululizo wa 20 na Januari 2024 kwa mfululizo wa 40, lakini mfululizo wa 30 haukupata Super hata moja. Tetesi za mwanzo zilisema mwishoni mwa 2025, kisha zikasema maonyesho ya CES ya Januari 2026. CES imepita bila kadi mpya. Na kinachozuia kinajulikana: kumbukumbu imekuwa adimu na ghali, na kadi ambayo sifa yake kuu ni kumbukumbu nyingi ndiyo ya kwanza kuumia.

Nani basi angoje Super? Anayeendesha modeli kubwa za lugha kwenye mashine yake mwenyewe, au mwenye mandhari za Blender zinazojaza GB 16 mpaka programu inagoma. Kwake GB 24 kwa bei ya chini ya 5090 ni tofauti ya kuweza na kutoweza, na kungoja kuna maana hata bila tarehe. Kwa anayecheza gemu kwenye skrini ya 1080p au 1440p, GB 18 dhidi ya 12 ni faraja tu. Asingoje.

Nije kwa wahariri wa video, maana ndio wateja wangu wakubwa na ndio ninaowaonea huruma zaidi. Kijana mmoja anayepiga na kuhariri harusi alikuja Novemba 2024 akiwa na fedha kamili. Akasikia mfululizo wa 50 uko karibu, akaamua kungoja. Kadi zikatangazwa Januari, lakini hapa zilipofika bei ilikuwa juu sana kuliko ile aliyoisoma. Akangoja tena ishuke. Msimu wa harusi wa Desemba aliufanya kwa laptop iliyokuwa inamchukua usiku mzima kutoa video moja, na wateja wawili wakaondoka kwa kuchelewa. Aliponunua hatimaye, kadi ilimfaa sana, lakini si kwa sababu aliyoingojea.

Sababu yenyewe ni hii, na wauzaji wengi hawaisemi. Kamera nyingi za sasa za Sony na Canon hurekodi rangi kwa mfumo wa 4:2:2 wa biti 10. Kadi za Nvidia kabla ya mfululizo wa 50 hazikuwa na uwezo wa kuufungua mfumo huo ndani ya chipu, hivyo mzigo uliangukia prosesa na video ikawa inakatakata kwenye ratiba ya kuhariri. RTX 50 zinaufungua. Prosesa za Intel zenye grafiki ya ndani zimekuwa zikiufungua kwa HEVC (namna moja ya kubana video) tangu kizazi cha 11, na kadi za Arc za Intel pia. Kadi za Radeon, za AMD, haziufungui. Kwa mhariri wa harusi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tetesi zote za mwaka huu zikijumlishwa, na iko dukani sasa.

Radeon, hata hivyo, isidharauliwe. RX 9070 XT ilitoka tarehe 6 Machi 2025 kwa dola 599 ikiwa na GB 16, na kwenye magemu inaikaribia sana 5070 Ti ya dola 749. Kama kompyuta ni ya gemu tu, linganisha bei za siku hiyo dukani, kisha chukua ya bei nafuu kati ya hizo mbili. Kama kuna Blender, DaVinci Resolve au kazi ya akili mnemba inayotaka CUDA, mfumo wa Nvidia wa kufanyia hesabu kwenye kadi, lipa zaidi uchukue Nvidia. Sioni kadi kubwa ya Radeon ya kuingoja. Zile tetesi za 2023 kwamba AMD wanaacha daraja la juu kizazi hiki zilithibitishwa na Jack Huynh wa AMD Septemba 2024, na 9070 XT ndiyo kilele chao.

Kwa bajeti ndogo, mambo ni mepesi. RX 9060 XT ilitangazwa kwa dola 299 ya GB 8 na dola 349 ya GB 16. RTX 5060 Ti vivyo hivyo, dola 379 na 429. Dola 50 tu kati yao. Chukua ya GB 16, na muuzaji akikuonyesha boksi lisiloandika GB mbele, geuza nyuma usome kabla ya kutoa hela. Jina ni lile lile.

Intel Arc B580, dola 249 na GB 12, naipenda kwa kuhariri, ila ina sharti. Inataka Resizable BAR, mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi, iwashwe kwenye BIOS, na wapimaji walionyesha mapema 2025 kwamba ikikaa na prosesa dhaifu au ya zamani inapoteza kasi nyingi kwenye magemu. Usiipachike kwenye mashine ya mtumba ya i5 kizazi cha 6. Tetesi za kaka yake, B770, zimezunguka muda mrefu mno. Usimngoje.

RAM imebadilisha hesabu yote

Miaka ya nyuma ningeweza kumwambia mtu, "Ngoja, vitashuka." Sasa siwezi. Kuanzia robo ya mwisho ya 2025 bei za RAM zilipanda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona tangu nianze kazi hii, kwa sababu viwanda vikubwa vitatu, Samsung, SK Hynix na Micron, vinaelekeza uzalishaji kwenye kumbukumbu za seva za akili mnemba. Desemba 2025 Micron walitangaza kuifunga biashara yao ya Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Crucial ilikuwa ndiyo RAM niliyokuwa nampa mtu asiye na hela nyingi bila wasiwasi.

Hii inagusa kila upande wa ulinganisho. AM5 na LGA1851 zote zinataka RAM ya aina ya DDR5. Ukingoja Zen 6 uokoe dola 60 kwenye prosesa, unaweza kulipa zaidi ya hizo kwenye RAM. Kadi za grafiki nazo zinabeba kumbukumbu. Kwa anayejenga upya kabisa, ushauri wangu ni kununua RAM kwanza, hata kabla ya kuamua prosesa ipi, ilimradi umeshaamua ni DDR5. Jozi ya GB 32 ya kasi ya 6000 inafaa pande zote mbili.

Kwa wenye mashine za mtumba

Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizotoka maofisini Uingereza ndizo kompyuta za vijana wengi, na tetesi zote za hapo juu haziwagusi. Pawa saplai yake ni ndogo na mara nyingi haina plagi ya kadi, kwa hiyo kadi lazima iishi kwa wati 75 zinazotoka kwenye mazabodi. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, inakula wati 70 na haihitaji plagi. RTX 5050 mpya inakula 130, haiingii. Ukichagua mashine yenyewe, tafuta Intel kizazi cha 8 au zaidi, kwa sababu Windows 10 ilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haizikubali za nyuma ya hapo.

Na ukikutana na mtumba wenye Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14, yenye herufi K mwishoni mwa jina, kwa bei inayovutia kupita kiasi, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, ingia BIOS, angalia kama ina sasisho la 0x129 au la baadaye, kisha endesha kazi nzito ya dakika thelathini palepale dukani. Ikikwama hata mara moja, iache.